Mwanamuziki wa roki aliyeketi na nyatiti

Wimbo "Kothbiro" umerekodiwa mara mbili. Rekodi ya kwanza ni ya Nairobi, mwaka 1976, na waliopiga ni vijana wa mjini waliojiita Black Savage: gitaa za umeme, besi, ngoma za seti. Ya pili ilitoka Uingereza mwaka 1993, na humo kuna nyatiti ya nyuzi nane, sauti ya mwanamume mmoja, na wenzake wachache wanaoitikia kwa nyuma. Mpigie mtu rekodi hizo mbili bila kumwambia chochote, kisha muulize ipi ilitangulia. Atakuapia kwamba ya nyatiti ndiyo mama, na ya gitaa ni ya watoto waliochukua wimbo wa babu zao wakautia umeme. Mambo yalikwenda kinyume. Gitaa lilitangulia, nyatiti ikafuata miaka 17 baadaye.

Aliyezipitia njia zote mbili ni Job Seda, Mjaluo wa Kenya, ambaye dunia inamjua kwa jina la Ayub Ogada. Albamu yake ya 1993 inaitwa "En Mana Kuoyo". Ni kazi ya mtu aliyekulia kwenye bendi za umeme, kisha akaamua kuketi na ala ya kwao na kuimba kwa lugha ya kwao, bila seti ya ngoma wala amplifaya ya kumficha.

Mimi ni fundi redio hapa Kayna, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara inayotoka Goma kwenda Butembo. Natengeneza redio na spika, nachaji simu kwa paneli ya jua, najaza nyimbo kwenye kadi memori, na Jumapili napiga gitaa la akompa kanisani. Kwa kazi hii najua watu wanapenda nini: mwimbaji wetu Fally Ipupa, nyimbo za injili, rumba za zamani za wazee, na siku hizi hata nyimbo za Nigeria. Najua pia lalamiko la wazee wanaoketi kwenye benchi langu wakisubiri betri ijae. Wanasema vijana wa gitaa na kinanda wameuzika muziki wa mababu. Lalamiko hilo nimelisikia tangu utotoni, na kisa cha Ayub Ogada ndicho kilichonifanya niache kulikubali.

Kijana wa Nairobi

Job Seda alizaliwa Mombasa mwaka 1956. Wazazi wake walikuwa watu wa muziki. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi familia ilikuwa Marekani, mjini Chicago, na huko wazazi wakawa wanapiga muziki wa Kijaluo mbele ya Wamarekani. Baadaye alipelekwa shule ya bweni Uingereza. Kwa hiyo mtoto huyu hakulelewa kando ya ziwa akiwasikiliza wazee kila jioni. Muziki wa kwao aliuona ukipigwa ugenini, kwa watu wasiojua hata neno moja la Kijaluo.

Aliporudi Kenya, Nairobi ilikuwa inachemka. Vijana wa shule za sekondari walikuwa wakisikiliza Jimi Hendrix na James Brown, wakinunua gitaa, wakipiga roki na fanki, wakiimba Kiingereza. Black Savage ilikuwa moja ya bendi hizo. Mwaka huohuo wa 1976 Wakongo wenzetu waliokuwa wakipiga kwa Baba Gaston walijitenga naye wakaunda Les Mangelepa hukohuko Nairobi. Na Wajaluo wengine walikuwa tayari na benga yao: akina D.O. Misiani na Shirati Jazz walikuwa wamehamishia kwenye gitaa mapigo ya vidole yaliyotoka kwenye nyatiti. Ukisikiliza gitaa la benga, lile linalokimbia peke yake katikati ya wimbo, unasikiliza ala ya zamani iliyobadilishiwa mwili.

Black Savage hawakuwa watu wa benga, wao walikuwa watoto wa roki. Lakini katikati ya nyimbo zao za Kiingereza waliweka "Kothbiro", wimbo wa Kijaluo kuhusu mvua inayokuja. Wanaotajwa kuutunga ni Mbarack Achieng na Job Seda mwenyewe. Haukuwa wimbo wa mababu, bali ni utunzi wa vijana waliokuwa wakivaa suruali za pekosi na kusoma magazeti ya muziki kutoka London.

Mwaka 1979 Seda alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Heritage Band. Jina lilitokana na jumba la sanaa la African Heritage, lililofunguliwa Nairobi mwaka 1972 na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya, pamoja na Mmarekani Alan Donovan. Bendi hiyo ilichanganya gitaa za umeme na ala za asili za Kiafrika. Ndiyo iliyompokea pia Samite, mpiga filimbi wa Uganda aliyekimbilia Kenya mwaka 1982 kama mkimbizi. Hapo Seda alipata shule ambayo haikuwa na ubao: kila jioni alilazimika kujua gitaa linyamaze wapi ili ala ndogo isikike.

Aliigiza pia. Yumo katika filamu "Out of Africa" ya 1985 na "The Kitchen Toto" ya 1987. Lakini mwaka 1986 aliondoka Kenya kwenda Uingereza akiwa na nyatiti yake, akawa anapiga barabarani na kwenye vituo vya treni vya London huku wapita njia wakimtupia sarafu. Huko ndiko walikomkuta watu wa Peter Gabriel.

Peter Gabriel naye alitoka kwenye roki. Alikuwa mwimbaji wa kundi la Genesis, kisha akaondoka, akasaidia kuanzisha tamasha la WOMAD, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na mwaka 1989 lebo ya Real World yenye studio katika kijiji cha Box, kusini-magharibi mwa Uingereza. Lebo hiyo ndiyo iliyotoa "En Mana Kuoyo". Hapo Seda alishajiita Ayub Ogada.

Kilichomo ndani ya rekodi

Nyatiti ni bakuli la mti lililovikwa ngozi ya ng'ombe, lenye miti miwili inayochomoza na mti wa tatu unaoiunganisha kwa juu. Nyuzi nane zinanyooka kutoka kwenye mti huo hadi kwenye ngozi. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, leo wengi wanatumia nailoni ya kuvulia samaki. Mpigaji wa kijadi huketi kwenye kigoda kifupi, ala imelala ubavu karibu na ardhi, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayoigonga kwenye fremu. Mguuni ana njuga. Mtu mmoja, basi, ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji.

Nyuzi zimegawanyika nne kwa nne, mkono wa kushoto na mkono wa kulia. Sisi wapiga gitaa wa Kongo tunalielewa hili haraka. Katika okestra zetu kuna akompa anayeshikilia mzunguko, kuna mi-solo anayejaza katikati, kuna solo anayejibu kwa juu. Kwenye nyatiti kazi hizo zinagawanywa kati ya mikono miwili ya mtu mmoja. Mkono mmoja unashika mzunguko usiobadilika, mwingine unatoka, unauliza, unarudi. Nilijaribu kuuhamishia mzunguko wa "Kothbiro" kwenye gitaa langu. Noti zenyewe si ngumu. Kinachosumbua ni kutokuongeza kitu: vidole vya mtu aliyezoea sebene, ile sehemu ya mwendo kasi ya gitaa zetu, vinawashwa, vinataka kukimbia, na wimbo ule haukimbii.

Nyatiti ina mvumo fulani, kama nyuzi zinagusana na kitu. Mteja wangu mmoja, siku niliyokuwa nimeiwasha dukani, aliniambia spika yangu imepasuka, akataka kunionyesha mahali pa kubandika gundi. Spika ilikuwa nzima. Mvumo ule ni wa ala yenyewe, unatafutwa na kuwekwa makusudi, na mpigaji wa kweli asingeikubali nyatiti isiyo nao. Ala nyingi za Afrika ziko hivyo. Studio nyingi zingeona ni kasoro, zikausafisha. Rekodi ya Ogada iliuacha.

Jambo jingine ni besi. Wateja wangu wanaipenda mno. Kijana akileta spika yake, kwanza anauliza kama nitaiongezea besi. Ukipiga "En Mana Kuoyo" kwenye spika kubwa iliyofunguliwa besi mpaka mwisho, nyatiti inazama, kwa sababu inaishi katikati, mahali sauti ya mtu anayezungumza inapoishi. Redio ndogo ya spika moja inaitoa vizuri kuliko spika ya harusi. Ogada aliimba kwa chini, karibu na maikrofoni, hata pumzi inasikika. Hivyo havikuwa vitu vya kijadi. Mpigaji wa nyatiti kwenye matanga anaimbia umati, bila kipaza sauti, saa nzima na zaidi, na watu wanamkatiza ili wajisifu au wasifiwe, wakitoa pesa kila wanapomsimamisha. Wajaluo wana desturi nzima ya majigambo hayo, wanaiita pakruok. Kwenye albamu hakuna umati, hakuna wa kukatiza, wimbo una mwanzo na mwisho wake.

Nani alimfundisha Ogada kuketi hivyo mbele ya maikrofoni, kuimba kwa sauti ya chini, kuacha nafasi tupu? Ni roki na bendi za Nairobi. Mtu aliyepiga miaka mingi na gitaa, besi, ngoma na vinanda anajua uzito wa kila kimoja, kwa hiyo anajua pia kitakachotokea akikiondoa. Mzee wa kijijini ambaye hajawahi kupiga na umeme ana ufundi mkubwa zaidi wa nyatiti, sina ubishi. Lakini albamu hii asingeitengeneza yeye, kwa kuwa asingekuwa na haja nayo.

Wapo waliosema kwamba hiyo si nyatiti ya kweli. Wana haki ya kusema. Matanga yamepotea humo, pakruok imepotea, na majina ya watu na ukoo, ambayo ndiyo nyama ya wimbo wa nyatiti, yamepungua. Anayetaka nyatiti ya matangani aende Siaya au Homa Bay akaisikilize kwa wenyewe. Lakini nani angejua kwamba kuna kitu cha kwenda kukisikiliza? Baadaye hata Mjapani, Eriko Mukoyama, anayejulikana kwa jina la Anyango, alikwenda Siaya kujifunza nyatiti, ala iliyokuwa ya wanaume tu, na akakubaliwa na mwalimu wake. Mlango ukishafunguliwa, huwezi kuchagua atakayeingia.

Wamarekani nao

Safari hii ya kutoka kwenye umeme kurudi kwenye ala za zamani si ya Ogada peke yake. Wanamuziki wa roki wa Marekani wameifanya mara nyingi, na inafaa kuwaweka karibu naye ili tofauti ionekane.

Kwanza tuelewane roki ilitoka wapi. Mizizi yake ni bluzi ya watu Weusi wa Kusini mwa Marekani, kantri ya Wazungu maskini wa milimani na mashambani, nyimbo za injili za makanisa, na muziki wa zamani wa fidla na benjo. Benjo yenyewe ina ukoo wa Afrika Magharibi: ni ala ya nyuzi yenye ngozi, ambayo watumwa waliijenga upya ng'ambo ya bahari kwa kumbukumbu ya walizoziacha. Mtu kama Muddy Waters alitoka mashamba ya Mississippi akaenda Chicago mwaka 1943, akautia umeme muziki wa shamba, na vijana wa Uingereza walipomsikia walichukua jina la wimbo wake mmoja wakaliita kundi lao: Rolling Stones.

Ndiyo maana mwanamuziki wa roki akichoka na kelele, mara nyingi anashika njia ya kurudi huko. John Fogerty, kundi lake la Creedence Clearwater Revival lilipovunjika, alitoa mwaka 1973 albamu ya nyimbo za zamani za kantri na injili iitwayo "The Blue Ridge Rangers", akapiga ala zote mwenyewe. Bruce Springsteen, aliyejulikana kwa gitaa za umeme na viwanja vya mpira vilivyojaa watu, mwaka 2006 alitoa "We Shall Overcome: The Seeger Sessions", iliyojaa benjo, fidla na akodioni, kwa nyimbo ambazo Pete Seeger alizisambaza. Robert Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin, aliungana na Alison Krauss wa muziki wa bluegrass wakatoa "Raising Sand" mwaka 2007, na mwaka 2009 ikashinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Wote hao walikuta ghala limejaa. Watu kama Alan Lomax walikuwa wamezunguka Marekani tangu miaka ya 1930 wakirekodi wakulima, wafungwa na wachungaji, na rekodi zikahifadhiwa katika maktaba ya Bunge la nchi yao. Springsteen alikuwa na pa kuchota. Aliimba nyimbo zilezile za zamani, akazipa mwili mpya. Ogada alifanya kinyume: alichukua mwili wa zamani, nyatiti, akautia hata nyimbo ambazo hazikuwa za zamani, kama "Kothbiro". Mmarekani alirithi wimbo. Mkenya alirithi ala na lugha, wimbo akautunga.

Na tusidhani muziki wa mizizi wa Marekani ulikaa Marekani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alifika kwa Wakipsigis, Kenya. Huko wasichana walimwimbia wimbo uitwao "Chemirocha", wakisindikizwa na ala ya nyuzi ya kwao, ndugu wa nyatiti. Huyo Chemirocha alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi aliyekufa mwaka 1933, baba wa muziki wa kantri, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi kwenye vilima vya chai vya Kericho. Wakipsigis walimsikia ndani ya gramafoni, hawakumwona, wakamtungia mwili: nusu mtu, nusu paa. Mwaka 2015 rekodi hizo za Tracey zilirudishwa kijijini na kupigwa mbele ya wazee, wengine wakiwa ni walewale walioimba ujanani.

Sasa niambie, "Chemirocha" ni muziki wa asili au wa kigeni? Umeimbwa kwa lugha ya kijiji, kwa ala ya kijiji, kuhusu Mzungu wa santuri. Kwa wale wasichana ulikuwa wimbo wao, basi.

Huku kwetu

Tracey alifika Kongo pia. Mwaka 1952 alipita kandokando ya msitu wa Ituri akirekodi Wabudu, Wabira, Wambuti, na Wanande, watu wa kwetu. Rekodi hizo zipo, zimehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha yeye mwenyewe mwaka 1954, na baadhi zimetolewa kwenye CD. Mwaka huohuo wa 1952, kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alimkuta kijana barabarani na gitaa la mti. Alikuwa Jean-Bosco Mwenda, na wimbo wake "Masanga" ulisambaa Afrika nzima. Aliimba Kiswahili. Leo mzee wa Lubumbashi akisikia Mwenda anasema "huo ndio muziki wetu wa zamani", na hakuna anayekumbuka kwamba gitaa lilikuja kwa meli.

Hapa katika eneo letu la Lubero, wazee wanapozungumza juu ya muziki wa kwetu wanataja endara: vipande vya mti vilivyopangwa juu ya migomba miwili iliyolazwa, wapigaji wakikaa bega kwa bega upande huu na ule. Ndugu zetu Wakonzo ng'ambo ya Ruwenzori, upande wa Uganda, wanayo pia. Wanataja enzenze, fimbo ya nyuzi iliyofungiwa kibuyu. Nimeziona chache. Juni 2024, vita vilipofika Kanyabayonga na hapa Kayna, nilitazama watu wakipita kuelekea kaskazini na godoro kichwani, sufuria, mbuzi, mtoto mgongoni, simu shingoni. Sikuona aliyebeba endara. Ala kubwa ya pamoja inahitaji uwanja, wapigaji kadhaa na siku ya utulivu, na hivyo vyote vimekuwa haba kwetu kwa miaka mingi. Kuwalaumu vijana wa gitaa kwa jambo hilo ni kumkamata asiyehusika.

Tena kijana wa gitaa ndiye aliye karibu zaidi na endara kuliko mtu yeyote mwingine hapa mjini. Amezoea kushika mzunguko. Sikio lake linajua kutafuta sauti iliyopungua. Ana simu ya kurekodi. Kwenye kwaya yetu kuna kijana anayepiga kinanda cha umeme, na siku moja, wakati wa mazoezi, alianza kupiga kwa mikono miwili mzunguko ambao mama mmoja wa sauti ya pili aliutambua papo hapo: ni wa endara, alisema, hivyo walivyopiga kwao wakati wa mavuno. Kijana hakujua. Alikuwa ameusikia kwa bibi yake akiupiga kwa midomo, akaubeba bila jina. Mama akamsahihisha pigo moja, akamwonyesha kwa kupiga makofi mahali ambapo mpigaji wa pili huingia. Mazoezi ya kwaya yalisimama kwa muda, mwalimu akakasirika kidogo. Kwangu hilo lilikuwa darasa.

Jina na pesa

Kuna upande mwingine wa kisa cha Ogada ambao wanamuziki wa huku wanapaswa kuusoma vizuri. "Kothbiro" ya nyatiti ilitumika katika filamu "The Constant Gardener" ya 2005, iliyopigwa Kenya, na watu wengi duniani waliusikia wimbo huo hapo kwa mara ya kwanza. Kisha Juni 2018 rapa wa Marekani Kanye West alitoa wimbo "Yikes", na ndani yake alikata kipande cha "Kothbiro". Hakukata ile ya nyatiti, bali ile ya 1976, ya Black Savage. Bendi ya vijana wa Nairobi iliyosahauliwa kwa miaka 40 ikaingia katika kumi bora za Marekani, na majina ya Mbarack Achieng na Ayub Ogada yakaandikwa miongoni mwa watunzi.

Majina hayo yaliweza kuandikwa kwa sababu kulikuwa na rekodi, na rekodi ilikuwa na watu wanaojulikana. Wimbo ukishaitwa "wa asili" bila jina, unakuwa shamba lisilo na mpaka: kila mwenye ng'ombe analisha. Kongo tuna SOCODA, shirika la haki za watunzi lililoundwa mwaka 2011, lakini shirika lolote linaanzia kwenye karatasi. Nani aliimba? Nani alitunga? Wapi, mwaka gani? Mteja akiniletea rekodi ya bibi yake kwenye simu ili niihamishe, faili inaitwa "audio" na namba ndefu. Nikiulizia jina la bibi, mteja ananijibu kwa mshangao: kwani utalifanyia nini? Siku hizi siihamishi mpaka nimeandika jina la mwimbaji, kijiji na mwaka kwenye jina la faili. Ni kazi ya dakika moja, na silipishi.

Ayub Ogada alirudi Kenya, akaishi Nyahera, karibu na Kisumu, akatoa kazi nyingine chache, na akafariki huko tarehe 1 Februari 2019. Vijana kadhaa wa Nairobi wanaochanganya nyatiti na vinanda leo wamepita kwenye rekodi yake, hata kama wanaipita kwa haraka kuelekea kwingine. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nawaambia wazee wa benchi langu hivi: mizizi haimkimbii kijana, wala kijana haikimbii mizizi. Anayoikimbia ni kelele ya kulaumiwa. Job Seda alifika kwenye nyatiti akitokea kwenye roki, na bila roki asingefika kwa namna ile. Kama tunataka endara isikike tena Kayna, tusimnyang'anye kijana gitaa. Tumwite, tumkalishe karibu na mama wa sauti ya pili, tumwachie simu ikiwa imewashwa, na tumwambie jina la kila wimbo na la aliyeuimba. Atakachotengeneza baadaye kinaweza kutukera, nasi tutakuwa na haki ya kukerwa, mradi tu kitatengenezwa.